Pijo ya Marehemu na Fundi wa Uongo

Mara ya mwisho mliniacha mpakani Busia, narudi upande wetu na mkanda mpya wa gari nimeuvaa kiunoni chini ya shati, afisa mmoja akiniuliza mbona mzee ananuka mpira. Nilimwambia ni dawa ya mgongo. Akanionea huruma, akaniambia pole, akanipisha.

Laiti angenikamata. Ningelala selo na heshima yangu yote.

Kama gazeti hili limekufikia leo likiwa limefungia samaki, hujui habari za nyuma, nitakuambia kwa ufupi. Mimi ni Ekwaro, mstaafu wa reli, umri sitini na tisa, nyumbani Adungosi. Rafiki yangu Eriaku alitutoka mwezi wa pili. Aliacha mjane anaitwa Amuron, na aliacha gari: Pijo 205, ile ndogo ya mbio, nyekundu, nyuma imekatwa kama mkate, umri wake unazidi wa padri wetu.

Gari hilo ndilo ugali wa Amuron. Alfajiri anakaanga chapati, anazifunga kwa blanketi, anazitia nyuma, anakimbia Malaba kwa madereva wa malori waliokwama kwenye foleni. Chapati ikifika moto, dereva anashuka mwenyewe kuifuata. Ikifika baridi, anafunga kioo. Wengine wote wanaleta kwa baiskeli. Sasa unaelewa kwa nini mama wa chapati anahitaji gari la mbio.

Mdogo wa marehemu, Olinga, akalitaka. Ukoo ukaketi, ukaamua hivi: gari lisilotembea ni chuma, na chuma ni cha boma, Olinga achukue akauze kwa kilo. Gari linalotembea ni la anayeliendesha. Amuron akiliwasha Jumamosi saa sita mchana mbele ya wazee na kulitoa getini kwa mkono wake, ni lake, maneno yamekwisha.

Na gari halitembei. Pampu ya maji inavuja, na maji hayo yameulainisha mkanda wa taiming mpaka umeanza kung'oka meno.

Nani alimwambia Amuron asitafute fundi, fundi yuko hapa?

Mimi.

Leo nitasema kile ambacho sijasema kwa miaka thelathini, na mke wangu, Mungu amlaze pema, alikwenda bila kukijua.

Mnajua nyote, kuanzia Alupe hadi Amagoro, kwamba kila Pasaka nilikuwa nachukua likizo ya reli kwenda kutengeneza magari ya mashindano ya Safari. Mnajua habari ya ule mkanda niliobadilisha kwa dakika kumi na moja, mvua inanyesha, simba wawili wanatazama. Watu wameninunulia chai kwa sababu ya simba wale.

Hakuna simba. Hakuna mvua. Kila Pasaka nilikuwa stesheni ya Malaba napima mabehewa ya mahindi. Nilikuwa karani wa mizani. Gari la mashindano nililiona mara moja tu, likanirushia matope kwenye shati la kanisa, likaenda zake.

Hayo mengine nilijifunza mwenyewe, kwa kitabu cha ufundi nilichookota kwenye behewa. Kiliandikwa Kifaransa. Nilisoma picha.

*

Alhamisi nilifungua injini mbele ya Amuron, pale chini ya kibanda cha mabati ambako kuku wake hulala.

"Mzee, ni kazi kubwa?" akauliza.

"Mama, hii? Hii ni kama kubadilisha kamba ya kiatu."

Sasa sikiliza, nikueleze kidogo, kwa sababu bila hili hutaona nilivyoangamia. Chini ya injini pistoni zinapanda na kushuka. Juu kuna valvu, zinafunguka na kufunga. Zote zinatumia mlango mmoja, kwa zamu, huyu akitoka ndipo yule aingie. Anayewapangia zamu ni huo mkanda. Ukiukosea meno kadhaa, au ukitoka safari ikiendelea, wanakutana mlangoni kwa nguvu. Valvu zinapinda. Injini imekufa, na injini ya Pijo ile huipati Busia wala Tororo.

Kwa hiyo kabla ya kutoa mkanda wa zamani, unaweka alama. Moja kwenye gurudumu la juu, moja kwenye la chini, ili ukirudisha mkanda mpya kila kitu kikae kilipokuwa. Nilichukua ile rangi nyeupe ya makarani ya kufutia makosa, nikatia tone hapa, tone pale. Vizuri kabisa. Nikatoa mkanda, nikatoa pampu mbovu, nikafunga pampu mpya na rola mpya ya kukazia mkanda. Nikaenda nyumbani napiga mluzi.

Ijumaa asubuhi nimerudi, nakuta injini inang'aa kama sufuria ya harusi.

Amuron amesimama kando yake, ndoo mkononi, mikono ya sweta ameikunja hadi kiwikoni.

"Yoga, mzee!" akanisalimia kwa lugha ya kwetu. "Umeona?"

Niliona.

"Wazee wa ukoo wanakuja kesho," akasema. "Nikasema hawawezi kukuta gari la Eriaku liko hivi. Nimesugua kwa mafuta ya taa, nikaosha na sabuni. Hata hizi gurudumu nimezizungusha nikatoa uchafu wa nyuma. Na kuku, mzee! Kuku wamenikosea heshima. Walikuwa wamekunya ndani ya injini."

"Kuku?"

"Hapa juu kulikuwa na tone jeupe, na hapa chini tone jeupe. Limekauka! Nimekwangua na kucha."

Sikumlaumu. Ningekuwa mimi mwenye kuku wale, ningekwangua pia.

"Kwani nimeharibu kitu?" akauliza. Ndoo ikaanza kushuka mkononi mwake.

Ndugu msomaji, hapo ndipo mtu mwenye akili husema: mama, umeharibu, na mimi sijui kurekebisha, tukamwite anayejua. Maneno hayo hayamalizi hata dakika.

Mimi nikasema, "Alama zile ni za wanafunzi, mama. Sisi wa Safari tulikuwa tunasikia kwa sikio."

Akacheka. Akaenda kunichemshia chai.

Nikainama nikaweka sikio kwenye injini. Haikuwa na cha kuniambia.

*

Burumba kuna fundi wa kweli. Anaitwa Zephaniah, mtu wa Samia, mfupi, mpole, mikono yake imeingia oili mpaka haitoki hata siku ya Pasaka. Nimemtukana mtu huyu kwa miaka. Nimemwita fundi wa mikokoteni mbele ya wateja wake. Ijumaa hiyo nilipanda boda nikaenda kumwona, na njia nzima nilikuwa naomba nimkose.

Nilimkuta.

"Karibu, bingwa," akasema bila kuinuka chini ya pikapu. "Simba hawajambo?"

"Zephaniah, nina shida."

Akatoka chini ya gari polepole. Nadhani alitaka kuona uso wangu.

Nikamweleza yote: mkanda, kuku, sabuni. Hakucheka. Ningependa angecheka.

"Umezungusha injini na mkanda ukiwa nje?" akauliza.

"Mama amezungusha. Alikuwa anaosha."

"Eeh. Basi alama hata zingekuwepo hazingekusaidia sana. Hiyo Pijo haihitaji rangi, mzee. Gurudumu la juu lina tundu. La chini lina tundu. Unatia kipini cha chuma huku, kingine huku. Vikiingia vyote mpaka mwisho, injini imekaa mahali pake, haiwezi kudanganya. Ndio unavalisha mkanda. Kitabu hakikuonyesha?"

Kilionyesha. Ukurasa wa arobaini na mbili. Nilidhani ni mahali pa kutia grisi.

"Ukishavalisha, unatoa vipini, unazungusha kwa mkono mara mbili. Ikikwama, usilazimishe. Halafu kaza nati ya rola. Kaza kwa spana, kaza kwa nguvu. Nati hiyo ikilegea, inajifungua yenyewe gari likitembea. Utaisikia inagonga kifuniko: tik, tik, tik. Ikifika hapo, zima mara moja."

"Njoo unifanyie, Zephaniah. Tafadhali."

Alifuta mikono kwa kitambaa ambacho kilikuwa kichafu kuliko mikono.

"Nitakuja asubuhi. Lakini leo hii umwambie yule mama ukweli. Mumewe amekufa, shemeji anamwinda, na wewe unamfanya sinema. Ukimwambia, nipigie simu, nakuja bure. Usipomwambia, usinipigie."

"Nitamwambia."

"Mzee Ekwaro," akasema, na kwa mara ya kwanza hakuniita bingwa. "Umwambie."

*

Nilikusudia kumwambia. Hilo naapa.

Jioni, jua lingali juu, Amuron aliniletea chapati kwenye sahani ile ya wageni. Akaketi juu ya gurudumu la akiba, akanitazama nikila.

"Amuron," nikaanza. "Kuna jambo."

"Hata mimi," akasema. "Wacha nianze. Tangu mazishi kila mtu amenidanganya, mzee. Olinga alisema atanisaidia na shamba, akapima shamba. Watu wa kanisa walisema watakuja kila wiki, wamekuja mara mbili. Wewe peke yako ndiye ulisema utafanya kitu na nakuona hapo umeinama, mgongo unauma, unafanya."

Nikarudisha chapati kwenye sahani.

"Jambo lako ni gani?" akauliza.

"Chumvi," nikasema. "Chapati imekosa chumvi kidogo."

Sikumpigia Zephaniah.

Nilifanya mwenyewe. Kipini cha juu, boliti. Kipini cha chini, shina la kekee nililoazima kwa fundi seremala. Nilihangaika hadi kila kimoja kikaingia mpaka mwisho, na kilipoingia cha pili nilitoa machozi, nikasingizia mafuta ya taa. Nikavalisha mkanda. Nikatoa vipini, nikazungusha kwa mkono, mara moja, mara mbili. Laini kama siagi.

Fikiria! Karani wa mizani!

Nilikuwa nimebakiza nati ya rola na kifuniko. Mvua ikaanguka ile ya kwetu isiyobisha hodi, mabati yale yanavuja kama kapu. Nikasema nati ni ya asubuhi. Nikaifunga kwa vidole isianguke, nikafunika kwa gunia, nikaenda nyumbani nimelowa na nina furaha. Furaha hiyo ndiyo naijutia kuliko uongo wote.

*

Wazee walisema saa sita. Tangu lini kikao cha ukoo kikaanza kwa wakati? Mimi nikafika saa nne kasorobo, na spana yangu mfukoni, kumaliza nati bila haraka.

Nimefungua gunia, nimepiga goti, nasikia sauti getini.

"Hodi wenyewe!"

Olinga. Na nyuma yake wazee sita na Mzee Callistus, mwenyekiti, na viti vyao vya plastiki vimebebwa vichwani.

"Shemeji, tumewahi kidogo," Olinga akasema. "Mvua isije ikatuvunjia kikao."

Mvua gani! Mbingu zilikuwa bluu kama shati la skuli. Alitaka kutukuta hatuko tayari.

Na aliyekuja mwisho, mikono nyuma, alikuwa Zephaniah.

"Huyu nimemleta mimi," Olinga akasema. "Fundi wa nje, asiye wa upande wowote. Atatuambia kama injini ni nzima au ni ujanja wa mtu."

Zephaniah alinitazama. Akamtazama Amuron, aliyekuwa anatabasamu. Tabasamu hilo lilimwambia kwamba sikuwa nimesema kitu. Akatazama chini.

Wote wakaja kunizunguka. Wazee saba, macho kumi na tatu, kwa kuwa mmoja alipoteza moja. Na mimi niko goti moja chini mbele ya injini iliyo wazi, nati iko kwa vidole, spana mkononi.

"Bingwa bado hajamaliza?" Olinga akauliza.

Nisome vizuri hapa, kwa maana hapa ndipo dhambi ilipo. Dakika tatu zingetosha. Lakini mkono ulikuwa unatetemeka, na wazee saba wangeuona ukitetemeka, na fundi wa kweli angeuona. Nikafikiri: getini ni hatua thelathini. Nati ya vidole itavumilia hatua thelathini. Gari likishatoka getini ni lake, wazee wakila nitafungua nikaze.

"Nilimaliza jana," nikasema. "Nilikuwa nalisalimia tu."

Nikafunga kifuniko.

*

Amuron aliingia, akavua kandambili, akakanyaga kwa mguu mtupu kama marehemu alivyomfundisha. Akageuza ufunguo.

Pijo ikakohoa mara moja. Ikawaka.

Jamani. Tangu mwezi wa pili hatukuwa tumesikia sauti ile. Mama mmoja jirani alipiga vigelegele kutoka ng'ambo ya ua. Amuron akaweka paji la uso kwenye usukani, mabega yakatikisika, na mimi nikajiona nimekuwa mtu.

Sekunde tano nilikuwa mtu.

"Mwenyekiti," Olinga akasema. "Hatua thelathini hata mkokoteni unatoka. Sisi tulisema gari linalotembea. Gari hili kazi yake ni Malaba. Basi liende Malaba, lifike kwenye foleni, lirudi. Mimi nitafuata na boda. Likizimwa njiani, au likisimama lenyewe, limeshindwa."

Wazee wakanong'onezana. Mzee Callistus akagonga fimbo chini.

"Ni haki," akasema. "Limeshawashwa. Lisizimwe tena mpaka lirudi hapa."

"Nusu saa tu," nikasema. "Lizimwe nusu saa nikaangalie kitu."

"Umesema ulimaliza jana," Olinga akasema.

Basi nikasema. Ndiyo, nilisema, mbele ya wote, na kwa sauti, kwa sababu injini ilikuwa inanguruma.

"Wazee, halijakazwa! Mimi si fundi! Sijawahi kufanya Safari hata siku moja. Pasaka zote nilikuwa Malaba stesheni, napima mabehewa ya mahindi. Hakuna simba. Mimi ni karani wa mizani!"

Kisha Mzee Callistus akaanza kucheka. Alicheka polepole, kutoka tumboni, mpaka akashika mkono wa jirani yake asianguke.

"Ekwaro! Ekwaro wewe! Jana simba wanakushikia tochi, leo unapima mahindi!"

"Anaogopa kufuatwa asaini vitabu vya watoto," mwingine akasema.

Wazee wote wakaangua kicheko. Hata Amuron, ndani ya gari, aliinua uso wake wenye machozi akacheka. Sikuwa nimemwona akicheka hivyo tangu mazishi, na nilikuwa nimemchekesha kwa ukweli.

Mmoja tu hakucheka.

"Zephaniah," nikasema. "Waambie wewe."

Zephaniah akaenda mbele ya gari. Akainama, akasikiliza. Kicheko kikapungua. Nilisogea karibu naye.

"Nati?" akauliza chinichini, bila kunitazama.

"Kwa vidole."

Alikuwa na neno moja. Akisema zima, Olinga analibeba gari leo hii na kamba, likakatwe. Akisema liende, ndio hivyo mnavyojua.

Akanyooka. Akafuta mikono, ingawa hakuwa ameshika kitu.

"Linaweza kwenda," akawaambia wazee.

Mpaka leo sijajua kama alimhurumia Amuron au aliniadhibu mimi. Nimemfikiria uso wake mara nyingi, siupati.

"Mzee, ingia!" Amuron akaita, akinifungulia mlango wa upande wa pili. "Utakuwa unanisikilizia injini!"

*

Tulitoka getini. Tukashika lami.

Kwa kilomita mbili hapakuwa na sauti ila Pijo yenyewe. Amuron aliendesha kama alivyozoea kuendesha na chapati moto mgongoni: gia ya tatu, gia ya nne, mashimo anayajua kwa majina. Mihogo inapita, makaburi ya wamisheni yanapita, watu kando ya barabara wananyosha mikono. Nyuma yetu, kwenye kioo, boda ya Olinga, na Olinga mwenyewe ameng'ang'ania kiunoni mwa dereva.

"Eriaku alikuwa anasema gari hili linajua njia," akasema. "Anasema siku moja atalala na litampeleka."

Tik.

Nikashika mlango.

Tik. Tik.

"Unasikia?" Amuron akauliza.

"Nini?"

"Sijui. Kama mtu anabisha."

"Mama," nikasema. "Yale niliyosema pale nyumbani ni kweli."

"Yapi?"

"Yote."

Alikwepa shimo moja.

"Hata simba?"

"Hata simba. Na ile nati iliyokaza mkanda sikuikaza. Wazee walikuja nikaona aibu. Ndiyo inabisha. Ikitoka, mkanda unatoka, na mkanda ukitoka injini imekufa, haitengenezeki."

Nilingoja anitukane. Nilitamani anitukane. Aliangalia kioo, akaiona boda. Aliangalia mbele.

"Jana," akasema. "Nilipokuuliza jambo lako ni gani. Ulikuwa unataka kuniambia hili?"

"Ndiyo."

"Ukaniambia chumvi."

Nikaitikia kwa kichwa.

"Sasa nikizima, gari ni la Olinga," akasema, sauti yake imekauka kabisa. "Nisipozima, gari limekufa. Si ndivyo?"

"Ndivyo."

"Basi niambie nifanye nini, Mzee Ekwaro. Umenifundisha kila kitu mwezi huu mzima. Nifundishe na hii."

Tik, tik, tik, tik. Ilikuwa imeongeza mwendo, kama mtu anayebisha na anajua mko ndani. Tulishuka ule mteremko wa mwisho, na kule mbele tukaanza kuona migongo ya malori, turubai baada ya turubai, foleni ya Malaba imelala juani hadi macho yanakoishia. Dereva mmoja aliyekuwa anaoga kando ya lori lake alilitambua gari. Akaanza kupunga taulo, anaita wenzake kwamba mama wa chapati amerudi.

"Sijui," nikamwambia. "Mama, mimi sijui."

Na hapo mlio ukanyamaza.

Amuron akainua kichwa. Alisikiliza. Hakuna. Pijo inanguruma tu, tamu, kama siku iliponunuliwa.

"Imenyamaza," akasema. Uso wake ukafunguka kidogo kidogo, akanigeukia. "Mzee, imenyamaza! Imepona?"

Nati inayogonga kifuniko hunyamaza kwa sababu moja tu. Imeshatoka yote, kinachofuata ni mkanda.

Miaka thelathini nimewadanganya watu ambao hawakuniuliza kitu. Sasa mtu ananiuliza, ananitazama machoni na anangoja, na kabla sijafungua mdomo mguu wake mtupu ukakanyaga mafuta.